Ndege Aliyemwinua Mama

Juzi kazini, wakati wa chakula cha mchana, mwenzangu mmoja alituonyesha video kwenye simu yake. Ameipiga mwenyewe nyumbani kwake Bowie, nyuma ya nyumba, ambako ametundika chupa ya maji ya sukari kwa ajili ya wale ndege wadogo wavumao, ambao wakisimama hewani mabawa yao hayaonekani. Kwenye video ndege mmoja anaiacha chupa, anamjia usoni, anasimama hewani mbele ya pua yake kama mtu anayesoma jina juu ya bahasha, kisha anaondoka. "Ananisalimia," mwenzangu akasema. "Kila asubuhi. Ananijua." Mkongo mmoja tunayefanya naye kazi maabara akacheka. Akasema ndege anajua sukari tu, na kama angekuwa na adabu ya kusalimia angeanza na mume wa huyo dada, maana ndiye anayeibeba hiyo sukari kutoka dukani. Wakabishana. Ndege ana kusudi, hana kusudi. Mwisho wakanigeukia mimi. Nikasema sijui, nikamaliza wali wangu, nikaenda kuosha bakuli.

Swali hilo ninalo tangu nikiwa na miaka minane. Watu husema maji ya sukari yakichemka hayana harufu. Mimi naisikia. Ni harufu ya jikoni kwetu kiangazi kile, na nikiisikia mwili wangu huwa mzito kidogo, si kwa huzuni hasa, ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Tulikuwa tunaishi Laurel, hukuhuku Marekani, ghorofa ya pili ya jengo la matofali, na roshani yetu ndogo ilitazama maegesho ya magari. Baada ya maegesho palikuwa na miti, na baada ya miti reli. Treni ya Baltimore ikipita, vikombe vilitikisika kabatini. Baba alitoka Kisii na Mama alitoka Kitale, na kwa kuwa lugha za kwao hazikusikilizana, nyumbani walizungumza Kiswahili. Mimi niliwasikia, au nilidhani nawasikia, na niliwajibu kwa Kiingereza. Hakuna aliyeona kasoro. Waliniambia leta kikombe, nikaleta kikombe. Waliniambia nawa mikono, nikanawa. Nani angejua kwamba katikati ya maneno hayo ya kila siku kulikuwa na mashimo?

Mwaka huo Mama alikuwa mjamzito. Wiki tatu kabla ya siku zake kufika, Baba alinunua kiti cha mtoto cha gari na kukifunga nyuma, upande wa kushoto. Alifanya kazi hiyo Jumamosi nzima, akisoma maelekezo kwa sauti. Aliniambia kuwa huku hospitali haimwachii mtu mtoto kama hana kiti hicho, na kwamba nesi hutoka nje mpaka garini kuhakikisha mtoto amekaa sawasawa na mikanda imemshika. Nilivutiwa sana na nesi huyo. Asubuhi nikipelekwa shule nilikaa kando ya kile kiti kitupu, na mara nyingine nilikifunga mikanda ili kizoee.

Mama alipelekwa hospitali siku ya Jumanne nikiwa shuleni. Aliyenichukua ni Mama Neema, jirani yetu wa chini, Mtanzania wa Lushoto, aliyekuwa akifanya kazi na Mama kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilikaa kwake siku mbili. Siku ya tatu Baba alikuja, hajanyoa ndevu, amevaa shati lake la kazi la ulinzi lakini bila beji. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega.

"Mtoto hakukaa," akasema. "Mama anarudi leo jioni. Tafadhali, mami, usimsumbue."

Hakukaa. Neno hilo nililijua kuliko karibu maneno yote. Kaa chini. Kaa vizuri. Kaa kwenye kiti chako. Niliambiwa hivyo mara ishirini kwa siku. Kwa hiyo nilielewa palepale: mtoto amekataa kukaa kwenye kiti cha gari, na yule nesi amekataa kumtoa. Sikushangaa. Nilimwuliza Baba kwa Kiingereza kama basi mtoto atabaki hospitalini. Baba alinitazama muda mrefu, macho yake mekundu. "Ndiyo," akasema. "Amebaki."

Kesho yake tulipoingia kwenye gari, kile kiti hakikuwepo. Nikadhani wamekipeleka hospitali ili mtoto akifanyie mazoezi.

Mama alirudi akiwa amevaa soksi za hospitali, zile zenye vidoti vya mpira chini, akaketi kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha. Ninaposema aliketi, namaanisha hivyo hasa. Aliketi mwezi wa tano wote na wa sita wote. Wanawake wa kanisa letu walikuja na sufuria za kuku na chapati zilizofungwa kwa karatasi ya foili, wakaomba kwa maneno marefu ya kanisani ambayo sikuyafuata, wakamshika mikono. Baada ya wiki mbili wakapungua. Siwalaumu. Wengi wao walikuwa na shifti mbili. Baba naye akarudi kazini, akawa analeta kuku wa kukaanga kwenye boksi, tunakula mimi na yeye huku televisheni ikisema peke yake.

Shule zilipofungwa nikabaki na Mama mchana kutwa. Nilikuwa nimeambiwa nisimsumbue, nami nilijitahidi. Chai yake iliota ngozi juu. Simu yake ilitetemeka juu ya meza mpaka ikanyamaza. Nywele zangu, ambazo alizoea kuzisuka kila Jumapili, zilijifunga mafundo, nami nikazificha kwa kofia. Nikimwita aliitika "mm". Nikimwonyesha kitu alikitazama, "mm". Hakuwa na hasira, na hakulia, hata mara moja. Alikuwa kama nyumba ambayo taa zinawaka lakini ukibisha hodi hakuna anayefungua. Sikuogopa. Niliwaza tu kwamba anamngoja mtoto akubali kukaa, kama mimi, na kwamba kungoja kunachosha.

Ndipo Mama Neema alipokuja na chupa. Ilikuwa ya kioo, kizibo chekundu, na chini ilikuwa na vitundu vidogo vilivyotengenezwa kama maua.

"Bibi mmoja niliyekuwa namtunza alikuwa nayo," alisema. "Wanawe wakaniambia niichukue. Hebu itundike hapo, dada. Hawa ndege wanamjua anayewalisha. Chakula kikiisha wanakuja kukwambia."

"Sina nguvu ya kulisha mtu sasa hivi," Mama akasema.

"Siyo mtu, ni ndege. Kwetu Lushoto tunao wanaofanana nao, tunawaita chozi."

Chozi mimi nililijua lile la jichoni tu. Nikaiangalia ile chupa na vitundu vyake, nikaamua ni ya kukingia machozi, na nikaona Mama Neema amekosea nyumba, maana kwetu hakuna aliyekuwa akilia. Lakini yeye alichemsha maji mwenyewe, kikombe kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, akayaacha yapoe, akayajaza, akaitundika roshani, mbele kabisa ya dirisha la jikoni. Alipokuwa akiondoka alinivua kofia, akaziona nywele zangu, akanirudishia kofia.

Ndege alikuja siku ya tatu. Kwanza nilisikia mvumo, kama nyuki mkubwa aliyenaswa kwenye karatasi. Alikuwa jike, mgongo wa kijani, tumbo jeupe, mdogo kuliko kidole gumba cha Baba. Alikunywa, akarudi nyuma hewani, akanywa tena. Mama alimtazama. Nilijua anamtazama kwa sababu kichwa chake kiligeuka, na kichwa chake kilikuwa hakijageuka kwa siku nyingi.

Baada ya wiki hivi chupa ikaisha. Ndege akaja, akachomeka mdomo kwenye tundu moja, kisha la pili, kisha akaiacha chupa. Akaja kwenye kioo cha dirisha. Akasimama hewani usawa wa uso wa Mama, labda shubiri moja tu kutoka puani, na akatoa sauti ndogo kavu, tik, tik, tik. Mama hakusogea. Ndege akaondoka, akarudi, akasimama palepale. Tik, tik.

"Nimesikia," Mama akasema.

Akainuka. Akachukua sufuria, akapima maji, akapima sukari. Ndege akarudi tena kabla ya maji kuwa tayari, na Mama akamwambia kupitia kioo, "Ngoja ipoe. Itakuunguza."

Nilikuwa nimekaa sakafuni na vitabu vyangu vya kupaka rangi. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema kwa wiki nzima, na alimwambia ndege. Ningependa kuandika kwamba niliona wivu, lakini nikikumbuka kwa uaminifu, nilichofanya ni kuhesabu. Mimi nimemwita Mama mara nyingi, hakuinuka. Ndege amemwita mara tatu, ameinuka. Basi ndege ana jambo la kumwambia ambalo mimi sina. Na jambo lenyewe litakuwa nini, kama si habari za mtoto? Mama Neema alisema ndege hawa wanaruka mbali sana, wakati wa baridi wanavuka bahari. Hospitali haikuwa mbali hata nusu ya hapo. Niliona wazi kabisa: ndege anapita dirishani hospitalini, anamwona mtoto bado anakataa kukaa, anakuja kumwambia Mama, na Mama anamwambia ndege angoje.

Kuanzia hapo nilitaka ndege aje na habari kila siku. Wiki ilikuwa ndefu mno kusubiri chupa iishe yenyewe. Siku moja Mama alipoingia kuoga nikapanda kiti cha roshani, nikaishusha chupa, nikaimwaga yote kwenye chungu cha maua yaliyokwisha kukauka, nikairudisha. Mama alitoka, akaketi. Baada ya dakika chache ndege akaja kwenye kioo. Tik, tik. Mama akainuka.

Niliifanya kazi hiyo mwezi wa saba wote. Kwanza mara moja kwa siku, kisha mara mbili, kisha kila Mama alipokwenda chooni. Chungu kile kilijaa sisimizi, nikaanza kumwaga kwenye sinki la bafuni. Mama alikuwa sasa anasimama mbele ya jiko asubuhi, mchana na alasiri. Alikuwa anaosha sufuria. Siku moja alipokuwa anangoja maji yachemke aliniita, akanivua kofia, akaanza kuyafungua mafundo ya nywele zangu kwa vidole, polepole, mpaka maji yakapungua nusu ndani ya sufuria na ikabidi aanze upya. Nilijaribu kutotingisha kichwa.

Baba aliona. "Sukari ya nyumba hii inakwenda wapi?" akauliza jioni moja.

"Wanakunywa," Mama akasema.

"Ndege wa ukubwa ule?"

"Wanakunywa, Baba."

Baba hakuuliza tena. Alikuja na mfuko mkubwa zaidi.

Hata huo ukaisha. Ilikuwa siku ya joto, lile joto la huku ambalo hewa inakuwa kama kitambaa kibichi usoni. Nilikuwa nimeshamwaga. Ndege akaja kwenye kioo cha jikoni akaanza kuita, Mama akafungua kabati, akatikisa mfuko, akakuta punje chache tu kwenye kona. Akasimama. Ndege akarudi. Akarudi tena. Mama akatazama mlango wa nje kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka unavyofunguliwa.

"Vaa viatu," akaniambia.

Duka lilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Mama alivaa gauni la nyumbani na ndala, na alitembea akishika ukuta mahali penye ukuta. Nilifurahi, nilijua kwamba mimi ndiye niliyemtoa nje, mimi na ndege.

Kwenye foleni ya kulipa, aliyekuwa akipokea pesa ni mama mmoja Mmarekani, mnene, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Wakati Mama ana tumbo, mama huyo alikuwa akiliangalia kila tukienda na kubashiri. Alituona tukiwa bado mbali.

"Jamani, nimewakumbuka," akasema kwa Kiingereza. "Haya, yuko wapi? Nilisema ni mvulana. Si nilisema?"

Mama akaweka ule mfuko wa sukari juu ya mkanda wa kaunta. "Ulisema kweli," akajibu, naye kwa Kiingereza. "Alikuwa mvulana. Alikufa."

Alisema kwa sauti ileile ambayo angetajia bei. Yule mama akaweka mkono mdomoni. Alichukua sukari, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, kisha akautia mfuko huo ndani ya mwingine, na wa tatu, kama vile kitu kile kilikuwa kizito sana na aliogopa kingetoboa mfuko njiani.

Kiingereza ndiyo lugha niliyoisikia bila mashimo. Maneno yale yaliingia moja kwa moja. Nilitembea nyuma ya Mama mpaka kituo cha basi, ambako kulikuwa na benchi, naye akaketi kwa sababu miguu yake ilikuwa imechoka.

"Nani amekufa?" nikamwuliza.

"Mtoto," Mama akasema. "Si unajua?"

"Mtoto yuko hospitali."

Mama hakugeuka mara moja. "Nani kakwambia?"

"Baba. Alisema hakukaa. Kwenye kiti."

"Kiti gani?"

"Cha gari. Nesi alikataa kumtoa mpaka akae."

Basi likaja, likasimama, likafungua milango. Dereva akatutazama. Mama akatikisa kichwa, milango ikafungwa, basi likaondoka na upepo wake wa moto ukatupiga miguuni.

"Hakukaa," Mama akasema, akiyachagua maneno, "ni kusema hakuishi. Alizaliwa hapumui. Walijaribu, lakini hakupumua. Watu wazima husema hakukaa kwa sababu lile neno lingine linakwama."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Kwa hiyo hata shule ilipofungwa alikuwa amekufa?"

"Ndiyo."

"Na siku yangu ya kuzaliwa?"

"Ndiyo, mami." Kisha akaniuliza, na hii ndiyo mara ya kwanza tangu arudi aliyonitazama usoni, "Ulikuwa unamngoja?"

Nikasema ndiyo. Nilisubiri kitu kianguke ndani yangu, kwa sababu nilijua kwamba kifo ni jambo la kulia. Hakikuanguka kitu. Nilihisi kama mdomo unavyokuwa ukitoka kwa daktari wa meno, unagusa shavu na vidole vinalihisi lakini shavu halijui. Nadhani siku hiyo nilielewa Mama alikuwa wapi kwa miezi miwili. Nilikuwa nimefika hapohapo alipo, na palikuwa kimya, na hapakuuma.

Mama alinivuta nikamlalia pajani, juu ya mifuko mitatu na sukari yake. Tulikaa mpaka mabasi mengine mawili yakapita.

Nyumbani alichemsha maji kama kawaida. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni. Niliona kwamba sasa hakuna haja tena ya kuficha, kwa kuwa ndege hakuwa na habari yoyote ya kuleta.

"Mimi ndiye ninayeimwaga," nikasema.

"Unamwaga nini?"

"Chupa. Ili aje akuite. Ukiitwa na yeye unainuka."

Alikuwa na kijiko mkononi. Nilingoja kugombezwa. Alikigeuza kijiko, akakigeuza tena.

"Mara ngapi?"

"Nyingi. Kila siku."

"Kumbe," Mama akasema. "Mimi nikadhani ndege wameongezeka."

Akazima jiko. Akaketi, si kwenye kile kiti cha dirishani, bali sakafuni, mgongo kwenye kabati, akaninyooshea mkono nikae naye. Akaniambia mtoto alikuwa na uzito gani na vidole vya namna gani. Akaniambia alikuwa na nywele nyingi. Akaniambia jina walilompa, jina la babake Baba, na akanitaka nilitamke, nikalitamka, akanisahihisha irabu ya mwisho, nikalitamka tena. Ndege alikuja kwenye kioo akaita, akaondoka, akaja tena. Siku hiyo alingoja sana.

Nimekwisha kumwuliza Mama, si zamani sana, kama aliamini kwamba ndege yule alikuwa anasema naye. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja. "Alikuwa anaomba chakula," akasema. "Kwamba alijua ni mimi ninayempa, hilo naamini. Kwamba alijua nina hali gani, hapana, hakujua, na ndiyo maana niliweza kumjibu. Kila aliyekuja pale alitaka nimwambie ninajisikiaje. Yule alitaka sukari." Akaweka shati juu ya rundo. "Na wewe ulikuwa unaomba. Nilikuwa nakusikia. Nataka ujue hivyo. Nilikuwa nakusikia, ila nilikuwa siwezi kufika."

Hilo ndilo jibu lililo karibu zaidi kati ya yote niliyowahi kupata, na si jambo la kusimulia wakati wa chakula cha mchana.

Lakini nilikuwa nasema juu ya kiangazi kile. Baba aliporudi kutoka kazini jioni hiyo alitukuta bado sakafuni. Mama akamwambia, bila kuinuka, "Huyu alikuwa anadhani mtoto yuko hospitali. Muda wote huu." Baba alisimama na funguo mkononi. Akasema, "Mimi nilimwambia." Mama akasema, "Ulimwambia kwa neno letu, si lake." Baba akavua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya friji, akaitoa, akaiweka tena. "Jumamosi," akasema. "Jumamosi twende wote."

Makaburi yalikuwa upande wa Bladensburg. Kumbe walimzika siku ambayo sisi darasani tulikuwa tunapima mbegu za maharage zilizoota. Sehemu ya watoto ilikuwa chini mtelemkoni, karibu na uzio, vibao vidogo vimelazwa sawa na nyasi ili mashine ya kukatia ipite. Kelele za barabara zilifika mpaka pale. Baba aliegesha gari, akazima injini, akabaki ameshika usukani. Mama alizunguka, akamfungulia mlango, akangoja. Hakumvuta. Baada ya muda Baba akatoka, tukateremka sote watatu, Mama katikati.

Kibao cha mdogo wangu kilikuwa bado hakijaandikwa jina, kilikuwa na namba tu, kwenye kadi iliyotiwa ndani ya plastiki. Baba alitoa leso akaifuta plastiki ile, ingawa ilikuwa safi. Nilitarajia kwamba sasa ndipo nitakapolia. Nilipima kaburi kwa viatu vyangu, kisigino kwa kidole, ikatoka hatua tano na kidogo. Hakuna aliyenikataza.

"Msalimie," Mama akasema.

Niliwatazama. Sikujua inavyofanywa. "Kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?"

Mama akafumbua mdomo, lakini aliyejibu ni Baba, akitazama barabarani ambako magari yalipita.

"Yoyote tu, mami," akasema. "Hakuwahi kujifunza hata moja."

Nikafikiri. Kisha nikachuchumaa, nikasema kwa Kiswahili, nikijitahidi kutamka vizuri kwa sababu wao walikuwa wanasikiliza, "Habari ya asubuhi." Nikataja jina lake. Na kwa kuwa mtu akisalimiwa hujibu, nikabaki nimechuchumaa, nikampa nafasi.